Prosesa ya Shemeji

Nyumbani kwetu Tabata laptopu ni moja, wanaoihitaji ni wengi. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari. Humo ndimo anamotungia mitihani na kujumlisha maksi. Binti yetu yuko chuo, anaandikia kazi zake. Mama yangu mzazi huiwahi jioni aongee kwa video na wajukuu walioko Muscat. Ni ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, tuliyoinunua ikiwa imeshatumika. Siku za karibuni ilikuwa nzito kiasi kwamba mtu aliiwasha, akaenda kuinjika chai, akarudi bado haijawa tayari.

Usiku wa kufunga muhula ikazimika ghafla, maksi za kidato cha tatu zikiwa hazijahifadhiwa. Mke wangu hakusema neno, na kimya kile kilitutisha wote. Kesho yake kikao kikaitishwa.

Shemeji, mdogo wa mke wangu, alikuja na hoja kamili. "Shemeji, hii ina i5 ya kori mbili. Tuitoe, tuweke i7 ya kori nne, utaniambia." Kwamba inawezekana, alikuwa sahihi. Prosesa ya T430 imekaa kwenye soketi: unazungusha skrubu moja kwa bisibisi bapa, chipu inanyanyuka. Laptopu nyingi za leo prosesa imechomelewa kwenye bodi, na mjadala kama huu haufiki mbali.

Alipoondoka kikaoni aliagiza bila kungoja uamuzi. Chipu ilipofika, i7-3632QM, akaifungua mezani kando ya sahani ya mihogo. Akaigeuza. Haikuwa na pini hata moja, ila vitone vidogo vya kuchomelea. Modeli hiyohiyo ilitengenezwa kwa maumbo mawili, la soketi na la kuchomelewa, nasi tulikuwa tumeletewa lisilotufaa. Muuzaji akakataa kuipokea. Shemeji akatoka, akakaa barazani peke yake.

Hapo mama akasema, "Chakula kikichelewa mnakimbilia kumfukuza mpishi. Kuni mmezitazama?"

Binti yetu akafungua dirisha linaloonyesha matumizi ya mashine, huku mama yake akiendelea na kazi zake za kawaida. Prosesa haikufika hata robo ya uwezo wake. Diski ilikuwa kwenye asilimia 100. RAM ya GB 4 ilikuwa imejaa, kwa hiyo Windows ilikuwa inahamishia ziada kwenye diski, na diski yenyewe ni ile ya sahani zinazozunguka, ambayo kila ombi linasubiri mkono wa kusomea ufike mahali pake. Prosesa muda mwingi ilikuwa inangoja tu.

Ikabaki kesi ya kuzimika. Tulipoifungua tukakuta vumbi limeziba njia ya hewa ya feni, na pesti ya kupitisha joto imekauka kabisa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi. Joto likizidi kupanda, mashine hujizima isiungue. Baadhi ya i7 za kori nne za kizazi kile hula wati 45, wakati i5 yetu inakula 35. Tungeweka mojawapo ya hizo, tungeongeza moto ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Tukanunua SSD, yaani diski isiyo na sahani za kuzunguka, pamoja na RAM ya kufikisha GB 8 na pesti mpya. Aliyeshika bisibisi ni shemeji, kwa mkono mtulivu, na hakuna skrubu iliyobaki mezani. Sasa mashine inawaka kabla maji ya chai hayajapata moto, na maksi za muhula uliofuata zilikamilika bila kuzimika hata mara moja.

Kubadili prosesa kuna watu wake. Anayehariri video au kukokotoa hesabu nzito, akiona prosesa inakaa kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu huku diski imetulia, huyo ana sababu. Lakini na yeye ajue kikomo: Windows 11 kwa kawaida inataka, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda mbele, na soketi ya T430 haivuki kizazi cha 3. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hakuna i7 ya kuingia mle ndani inayoweza kuvuka mpaka huo.

Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia apime kwanza, kisha anunue kile kitakachoishi zaidi ya mashine yenyewe. T430 ikichoka kabisa, SSD yetu itahamia kwenye kompyuta nyingine inayoipokea siku hiyohiyo, na mafaili yote yakiwa ndani. Prosesa ya soketi ile isingekuwa na pa kwenda ila kwenye laptopu nyingine ya zama zilezile.