Kunguru, Stili Waya na Banda la Kuku

Mdogo wake mume wangu hawezi kuona doa akanyamaza, na tabia hiyo nzuri ndiyo iliyotufikisha kwa fundi rangi. Gari letu, IST ya mwaka 2005 tuliyoinunua kwa mgao wa kikoba changu na akiba ya mume wangu, hulala chini ya mwembe hapa Tabata. Penye mwembe Dar es Salaam hapakosi kunguru. Ndege hawa waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wapunguze taka, wakavukia bara, na sasa gari likilala chini ya mti haliamki safi. Kinyesi chao kina tindikali. Kikikaukia juani huanza kula rangi. Shemeji alikuwa na haki ya kutaka kukitoa haraka. Kilichotuponza ni vifaa: sabuni ya unga ya kufulia na stili waya ya masufuria.

Doa lilitoka lote. Boneti lilipokauka likaonyesha duara la mikwaruzo, jeupejeupe, upana wa sahani, katikati ya rangi ya bluu. Mume wangu alilitazama, akaingia ndani bila neno. Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele kibarazani, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani: "Gari mmelikwangua kama ukoko wa wali."

Fundi alikuja jioni. Kwanza alilimwagia duara lile maji, na baadhi ya mikwaruzo ikapotea machoni. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba, polepole, juu ya mkwaruzo mmoja baada ya mwingine. Ukucha ulipopita bila kukwama, alisema, mkwaruzo umeishia kwenye klia, ile rangi angavu ya juu inayoikinga rangi yenyewe. Ulipokwama, mkwaruzo umezama. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele wa kichwani, na kila polishi inayopigwa huipunguza kidogo. Alipiga polishi pale palipokubali. Ile mistari iliyokwamisha ukucha tunayo mpaka leo.

Hapo nikaichukua mimi kazi ya manunuzi, na nilikuwa na msimamo ambao sijaubadilisha: anayeanza anunue kwanza vitu vya kuondoa vumbi bila kulisugua, kabla hajagusa chochote cha kung'arisha. Vumbi letu ni mchanga. Ukilikokota kwa tambara kavu juu ya klia, unapiga msasa.

Maduka ya vifaa vya magari ya Gerezani, Kariakoo, yana rafu zilizojaa chupa za kila rangi, na muuzaji huanza kukuonyesha zile za kung'arisha. Nilimwomba shampuu ya gari. Sabuni ya unga ni kali, pH yake huwa karibu 10. Imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, kwa hiyo kwenye gari huondoka na nta, na punje zisizoyeyuka hukwaruza. Shampuu nzuri ya gari hukaribia 7, na ina utelezi unaouchukua mchanga ukashuka na maji. Haihitaji kumiminwa kwa wingi. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa, na kuzidisha ni kutupa hela na kujipa kazi ya kusuuza.

Ndoo ndizo zilizoleta kesi. Nilitaka mbili: moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia glovu ya kuoshea kila inapotoka kwenye gari, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Shemeji akachukua ndoo ya mama mkwe ya kuhifadhia maji ya kunywa. Mama alimwambia, "Mwanangu, hata kama gari lina kiu, si kwa ndoo yangu." Siku ile ile nikanunua ndoo za lita 20, nyekundu zote mbili, na hadi sasa hakuna mtu wa nyumba hii anayezigusa kwa kazi nyingine.

Taulo za maikrofaiba nilizichagua kwa uzito: gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba zinatosha kufutia, na moja nene zaidi ya kukaushia. Kukausha hapa si anasa. Maji mengi ya visima vya Dar es Salaam yana chumvi, na yakiachwa yakauke yenyewe huacha vidoa vyeupe ambavyo vikikaa sana havitoki kwa kuosha tu. Ndiyo maana tunaosha alfajiri, boneti likiwa la baridi, kuanzia paa kushuka chini, na rimu mwishoni kwa glovu yake ya zamani. Taulo likidondoka mchangani halirudi kwenye rangi siku hiyo. Halifuliwi na dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huziba nyuzi na taulo likaacha michirizi kwenye vioo.

Mwisho nilichukua nta ya kupuliza. Nta ngumu ya kopo, ile inayotokana na mti wa kanauba wa Brazili, ni nzuri na naiheshimu, ila inadai mkono uliozoea. Ya kupuliza unaifuta mara moja, na kinyesi cha kunguru kikianguka juu yake kinalowekwa kwa taulo lenye maji, kinaachwa kidogo, kisha kinanyanyuliwa bila kusugua. Kwangu, chupa hiyo ndiyo iliyorudisha amani kati ya mwembe na gari.

Amani na banda la kuku ilichelewa. Shemeji, kwa nia ya kufidia boneti, alinunua kwa hela yake dawa ya kung'arisha dashibodi, ya mafuta ya silikoni. Akaipaka dashibodi. Ikapendeza. Akaipaka usukani, kisha akainama na kupaka pedeli za mpira, zikawa nyeusi na nyororo. Asubuhi mume wangu alirudi nyuma kutoka uani, akakanyaga breki, na soli ya kiatu ikateleza ubavuni. Gari lilikwenda taratibu mpaka likaegemea banda la mama mkwe. Mbao mbili zilivunjika, kuku wakatawanyika hadi barabarani, na watoto wa mtaa mzima wakasaidia kuwakamata.

Hakuna aliyeumia, na bado siku ile nilitetemeka. Nyuma ya gari hucheza watoto. Nilizifuta pedeli na usukani kwa maji ya shampuu na brashi mpaka mpira ukakamata kiatu tena. Dawa yoyote yenye silikoni isiguse usukani, pedeli, diski za breki wala sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Hata dashibodi yenyewe siitaki ing'ae, kwa sababu mng'ao hurudi kwenye kioo cha mbele jua linapokuwa kali. Taulo lenye unyevunyevu linatosha. Shemeji alilitengeneza banda mwenyewe, kwa mbao nzito zaidi, na mama mkwe akalikubali.

Sasa hoja iliyopo nyumbani ni taa za mbele, ambazo zimepata ukungu wa manjano kama za IST nyingi za umri wake. Plastiki yake huchakaa kwa jua pale kinga ya juu inapokwisha. Shemeji amesikia habari za dawa ya meno. Ni kweli huupunguza ule ukungu, lakini haiweki kinga mpya, na manjano hurudi upesi. Nimemwomba asubiri mwisho wa mwezi tununue msasa laini wa maji pamoja na dawa ya kukinga jua, tuanze na taa ya kushoto. Amekubali, kwa sharti kwamba msasa ataushika yeye, fundi akiwa amesimama pembeni.