Jinsi ya Kupika Kelele Isiyosema Lolote

Anayeishi jirani na baa, ukumbi wa harusi au mwenye jenereta ana kelele za kutosha, tena za bure. Anachokosa ni kelele nzuri: shhh moja isiyopanda wala kushuka, kama ya chenga za televisheni ya zamani. Hiyo ndiyo kelele nyeupe. Masafa yote yanayosikika yamo ndani yake kwa nguvu sawa, hivyo mbwa akibweka au mlango ukibamizwa, sauti hiyo haichomozi peke yake ikakukurupusha. Ngoma nzito za muziki wa baa spika ndogo haiziwezi, hilo nalisema mapema.

Nenda Luthuli Avenue kama uko Nairobi, Kariakoo kama uko Dar. Chukua transista BC547, na usichukue mbili, chukua kumi. Ongeza rezista na kapasita chache, IC ya LM386, spika ya omu 8 na adapta ya ruta ya volti 12. Ipime adapta kwa mita kwanza. Ikizidi 12, tafuta nyingine, maana LM386 ya kawaida mwisho wake ni hapo.

Sasa fanya lile ambalo fundi yeyote angekukataza: funga transista ya kwanza kinyume. Upande bapa ukutazame, miguu iwe chini. Kushoto ni kolekta, kati ni beisi, kulia ni emita. Emita ipate chanya kupitia rezista ya kilo-omu 100, beisi iende hasi, kolekta usiiguse, ining'inie tu. Watengenezaji wanaonya kwamba kinyumenyume, kati ya emita na beisi, usivuke volti 6. Wewe unavuka makusudi. Kwenye volti 7 hadi 9 hivi ukuta wa ndani unavunjika: elektroni inagonga atomi na kung'oa elektroni nyingine, nayo inang'oa nyingine, bila mpangilio wowote. Hiyo rezista ndiyo breki. Ukiisahau, transista inaungua.

Ninaupenda sana mzunguko huu kwa sababu ya huko kukosa mpangilio. Rekodi ya simu huzunguka na kurudi mwanzo, lakini hapa hakuna sekunde inayojirudia. Na hii si kelele pekee isiyo na mpangilio: mwaka 1928 John B. Johnson wa Maabara za Bell alitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba hata rezista isiyopitisha umeme ina kelele yake, kwa joto lake tu, na mwenzake Harry Nyquist akatoa hesabu yake. Mafundi wa redio wanapambana na kelele isiyo na mpangilio maisha yao yote. Sisi tunaifuga.

Kelele ya pale kwenye emita ni hafifu. Ipitishe kwenye kapasita ya mikrofaradi 0.1 hadi beisi ya transista ya pili. Hii ifungwe kama kawaida: emita hasi, kolekta chanya kupitia kilo-omu 10, na rezista ya mega-omu 1 kutoka kolekta hadi beisi. Kutoka kolekta, kapasita nyingine ya 0.1, kisha potenshiometa ya sauti ya kilo-omu 10, halafu mguu wa 3 wa LM386. Mguu wa 2 na wa 4 iende hasi, wa 6 chanya, na wa 5 uende kwenye spika kupitia mikrofaradi 220. Adapta huwa na mlio wake mwembamba. Uzuie usifike kwenye transista mbili hizo kwa rezista ya kilo-omu 1 kwenye njia ya chanya, ikifuatwa na kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda hasi.

Washa, sauti ikiwa chini. Kama ni kwa mtoto mchanga, spika ikae mbali na kitanda na sauti ibaki ndogo.

Zile transista za ziada? Zijaribu moja moja pale pa transista ya kwanza. Moja itanong'ona, nyingine itafoka, nyingine itakatakata. Chagua inayokupendeza, na zote zilizopita pale zitie alama ya rangi. Kazi hii hupunguza uwezo wao wa kukuza sauti, kwa hiyo usije ukazirudisha kwenye redio ya mtu.