Honi ya Maalim

Mtu aliyezaliwa Amu, katika vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana hapana budi mmoja wao arudi nyuma, hana haki ya kudai kwamba ajua jambo lolote kuhusu honi. Maana punda hapishi kwa honi, hupisha kwa kofi la tako na kwa maneno ambayo adabu hainiruhusu kuyaandika hapa. Nayasema haya mapema ili msomaji asinitarajie ufundi nisiokuwa nao. Mimi ni mwalimu wa skuli, niliyehamishiwa Kiunga nikiwa na umri wa makamo na tumbo la makamo hayo, na pikipiki yangu, ambayo ilikwisha pita mikononi mwa watu wawili kabla ya kunifikia mimi, niliipakia chomboni pamoja na magodoro, masanduku na ahali yangu, aliyekaa mbali nayo safari nzima na kuitazama kwa jicho la mtu aliyeletewa mke mwenza.

Kiunga ni mji wa Wabajuni, ulioko mwisho kabisa wa pwani ya Kenya upande wa kaskazini, hata ukiendelea mbele ukayapita magofu ya Ishakani huwa umeshaukaribia mpaka wa Somalia. Njia zake ni mchanga, na penye uhaba wa mchanga ni mawe ya matumbawe yaliyochomoza kama magego. Na hewa yake ni chumvi, nayo chumvi haina upendeleo wala haya, hula bawaba za milango, hula mabati, hula sindano za cherehani, na katika mwaka wangu wa kwanza ilikula, taratibu na kwa ladha, kile kibati kinachoishikilia honi chini ya taa ya pikipiki yangu.

Ndipo honi ilipoanza kupwaya. Naomba ifahamike kwamba haikuwa ikilia, kwa kuwa sikuwa nimebonyeza kitu. Ilikuwa ikigonga tu, tatatata, mfano wa kijiko ndani ya kopo la maziwa, ikianza pindi injini inapowaka na isinyamaze mpaka injini inyamaze, nikienda mbio nayo yaenda mbio, nikipunguza mwendo nayo yapunguza kwa hishima kubwa. Siku ya kwanza nilipopita nayo mbele ya baraza la wazee, wawili kati yao walitia mikono mifukoni kutafuta shilingi, wakidhani ni muuza kahawa agonganishaye vikombe vyake. Na mmoja, aliyekuwa amesinzia, alinyoosha mkono kabisa akapokea hewa. Tangu siku hiyo nikawa kila nikipita naulizwa kama nina tangawizi.

Nikastahamili mwezi mzima, kisha Ijumaa moja baada ya sala na pilau, wakati ambao mwanamume hujiona ana uwezo wa kila jambo, nikaazimia kuitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimesoma habari za honi, na kusoma, kama walimu wenzangu wajuavyo, ni mwanzo wa balaa nyingi. Nilijua kwamba ndani ya kile kisahani mna sumaku ya umeme na kiwambo cha chuma chembamba mfano wa ngozi ya ngoma; umeme wa betri ya volti 12 ukipita, sumaku hukivuta kiwambo, nacho kikivutwa huachanisha vidole viwili vya chuma vinavyoupitisha umeme ule ule, sumaku ikalegea, kiwambo kikarudi, vidole vikagusana tena, na hivyo hivyo mara mamia kwa nukta moja, mpaka mwenye kwenda kwa miguu akaruka kando na kukutukana. Nilijua pia, na hili lilinifurahisha kuliko yote, kwamba Mmarekani Miller Reese Hutchison, aliyebuni ile honi mashuhuri iitwayo Klaxon mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye yeye yule ambaye hapo kabla alikuwa amekwisha kubuni chombo cha umeme cha kuwasaidia viziwi kusikia. Basi watani wa zamani zake wakasema kuwa alitengeneza honi ili apate wateja wa kile chombo.

Nilichokuwa sikijui ni parafujo ipi ni ya nini. Nyuma ya honi niliona moja ndogo iliyopakwa rangi, na kwa kuwa ilikuwa ndiyo pekee niliyoweza kuifikia kwa bisibisi yangu, nikakata shauri kwamba ndiyo yenye makosa. Nikaizungusha. Nikafungua ufunguo, nikabonyeza, honi ikatoa sauti ya mbuzi aliyekabwa na kokwa ya embe. Nikazungusha tena, ikatoa sauti ya mtu anayekohoa kwa kujizuia. Mara ya tatu haikutoa sauti yoyote, nami nikaingiwa na shaka na nyaya, nikazivuta, nikazikwangua kwa kisu cha jikoni mpaka shaba ikang'ara, nikazirudisha mahali pake, au mahali palipofanana napo, na mojawapo, ikiwa uchi na bila ya stara, ikaugusa mwili wa pikipiki.

Honi ikalia. Haikulia kama mbuzi tena. Ililia kwa sauti yake kamili ya ujana, bila ya kituo wala pumzi, na wakati huo imamu wa msikiti ulio hatua ishirini kutoka mlangoni pangu alikuwa ameshahirimia sala ya alasiri.

Nikabonyeza swichi, isisaidie. Nikapiga taa kofi. Nikavua kikoi nilichojitanda begani nikaifunika honi kama mtu amfunikaye kasuku, ikaendelea kulia ndani ya kikoi. Nikaomba mto, ahali yangu akaniletea mto, kisha akaketi kizingitini kutazama, maana aliona kwamba siku aliyoingojea tangu chomboni imewadia. Wavuvi wawili walipita mbio kuelekea ufuoni wakiuliza ni chombo gani kilichozama. Na katika hali hiyo, nikiwa nimeukumbatia usukani na mto katikati yetu, alitokea kijana mmoja wa jirani, fundi wa mashine za boti, akaniamkia kwa taadhima, "Shikamoo, ami," akapitisha mkono chini ya kwapa langu, akafunga ufunguo.

Kimya kikashuka.

Ufunguo, ndugu msomaji, ulikuwa mbele ya pua yangu muda wote.

Waliposalimu, watu walitoka msikitini taratibu kuliko kawaida, na mzee mmoja, ndiye yule aliyepokea hewa barazani, akasimama mbele yangu akasema, "Maalim, la mgambo likilia kuna jambo. Twambie basi, kuna jambo gani?" Sikuwa na jawabu. Nilizikumbuka siwa mbili za kwetu, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Amu, ambazo zilikuwa hazipulizwi ila kwa harusi za wakubwa na kutawazwa kwa wafalme, nikaona haya kwa niaba ya mji mzima wa Amu.

Kijana alipewa nafasi. Alifungua nati kwa spana namba 10, akaitoa honi, akanionyesha nisichokitazama hata mara moja: kile kibati kilikuwa kimepasuka, na tundu lake limeliwa na kutu likapanuka hata bolti yacheza ndani yake kama ulimi wa kengele. Nikamuuliza kama tuagize kingine Amu. Akacheka, akashuka ufuoni, akarudi na ndara moja ya mguu wa kushoto, ya rangi ya waridi, iliyotemwa na bahari.

Ndara hizo ni hazina yetu tusiyoiomba. Bahari huzileta zikiwa zimeachana na jozi zao sijui katika bandari gani, na hapa katika vijiji vya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka 1979, watoto walizoea kuzichonga kuwa vidude vya kuchezea, hata katika miaka ya 1990 kina mama wakaanza kuuza wanyama na mapambo yaliyotokana nazo. Na Amu kwenyewe fundi Ali Skanda na wenziwe waliunda chombo kizima kwa plastiki kuukuu, wakakivika maelfu ya ndara za kila rangi, kikateremshwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri kwa matanga hadi Unguja. Ikiwa zafaa chombo, seuze honi. Kijana alikata viduara viwili kwa wembe, akavitoboa kwa msumari wa moto, kimoja akakiweka mbele ya kibati na kimoja nyuma, akaubana ule ufa kwa kipande cha bati, akakaza nati, akaufunga waya wangu ulio uchi, kisha akairudisha ile parafujo robo kwa robo, huku ametega sikio, mpaka sauti ikasafika. Alitaka shilingi mia. Nilimpa mia mbili, moja ya kazi na moja ya kutoisimulia habari ya ufunguo. Nayo ile ya pili, nilikuja kutambua baadaye, ilikuwa hasara tupu.

Jumatatu asubuhi nilikwenda skuli kwa pikipiki iliyonyamaza kama jahazi. Hakuna aliyeniomba kahawa. Mbuzi nao hawakujisumbua kuinuka, nikawazunguka. Nilipofika uwanjani sikuona mtoto akikimbilia darasani kama ilivyokuwa ada, na darasa langu lilikuwa likivuma kama mzinga wa nyuki. Nikaegesha, nikalikaribia dirisha kwa kunyata, nikiwa nimeshatayarisha hotuba. Mara, ndani ya zile kelele, nikaisikia honi yangu ya zamani: tatatata, ikaja mbio, ikapunguza mwendo, ikazima. Watoto wakaruka vitini pao, madaftari yakafunguka, kimya kikawa kimya cha kaburi. Nikachungulia. Juu ya meza yangu alisimama mtoto wa safu ya nyuma, ambaye hesabu zilimshinda tangu mwaka ulipoanza, ameshika kopo la maziwa na kijiko, na tumbo amelitanguliza mbele kwa uangalifu mkubwa.

Alikuwa wa kwanza kuniona. Kijiko kikamponyoka. "Maalim," akasema kwa sauti ndogo, "hatukukusikia."

Nikaingia, nikamwokotea kijiko chake, nikamwomba arudie pale kwenye kona ya msikiti, maana pale alikuwa ameharakisha kidogo.