Namna ya Kumpata Babu Aliyelowea Visiga Bila Kugombana na Ukoo

Koo nyingi za Visiga, Kibaha, zina babu mmoja asiye wa Visiga. Alitoka Kigoma, Songea au Umakonde, akaletwa kukata mkonge kama manamba, mkataba ukaisha na kwao asirudi. Akaoa Mzaramo, akapanda mikorosho, akafia hapohapo. Wazaramo kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, basi watoto wakaingia kwa wajomba zao na jina la babu likapotea polepole. Hakuacha barua wala picha. Aliacha msiba, na msiba una karatasi zake. Mwongozo ni huu.

1. Likane shamba kwanza

Usiulizie karatasi yoyote kabla hujasimama mbele ya shangazi na baba wadogo ukatamka wazi kwamba hutaki kiwanja. Dar es Salaam imesogea hadi Kibaha, na ardhi ya kando ya Barabara ya Morogoro si ile ya zamani. Mjukuu anayeuliza "babu alifariki mwaka gani?" husikika kama aliyetumwa na wakili. Tamka siku ya kufika, urudie siku ya kuaga. Wakitaka uandike, andika na utie saini. Bahasha ya kaki yenye karatasi za msiba haitoki kwa asiyeaminika.

2. Mtafute mtani kabla ya karani

Msibani ndugu husifu, mtani husema kweli. Wazaramo na Wanyamwezi wana utani wa tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kumwiga marehemu, kutaja madeni yake na kumtaja hata yule mke aliyemwacha kwao. Wafiwa hucheka huku wanalia, kisha humtuza. Mwendee mzee aliyetania msibani kwa babu, umpe shikamoo yake, umuulize: marehemu aliigwa kwa lafudhi gani? Alikuwa akililia chakula gani cha kwao? Hapo utapata mkoa, pengine hata kijiji.

3. Kitafute cheti cha kifo, usikitegemee

Vyeti vinasimamiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kazi yenyewe hufanyika wilayani. Lakini sheria ya usajili ya enzi za Mwingereza iliwabana kwanza Wazungu na Waasia. Waafrika walifikiwa wilaya kwa wilaya baada ya Uhuru. Ndiyo maana mwenye shamba anaweza kuwa na cheti na mkata mkonge wake asiwe nacho. Kukosa cheti si kukosa maisha. Uliza kibali cha mazishi, daftari la parokia, kumbukumbu za msikiti, kitabu cha mwenyekiti wa kijiji. Usiishie Kibaha; nenda na Kisarawe, kwani mipaka ya wilaya imehama huku makaburi yakibaki palepale.

4. Liombe faili la mirathi kwa adabu

Mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipoishi marehemu, kwa hiyo kwa marehemu wa Visiga anza na mahakama ya jirani, Mlandizi. Andika barua, omba kuona rejista ya mirathi, chukua namba na mwaka. Tangu kanuni za 1971, faili lina fomu zake: Fomu Namba 1 ni ombi, na humo kuna tarehe ya kifo na majina ya warithi, Fomu Namba 5 ni orodha ya mali na madeni, inayopaswa kuletwa ndani ya miezi minne, Namba 6 ni hesabu za msimamizi. Mara nyingi huambatana na muhtasari wa kikao cha ukoo. Usome hadi kwenye saini na dole gumba. Angalia sana maneno "maarufu kama": babu aliyesilimu Visiga akaitwa Juma anaweza kuwa na jina lake la kwao hapo, na bila jina hilo hutampata kokote.

5. Yasome mafungu kinyumenyume

Katika mirathi ya Kiislamu, mgawanyo ni picha ya familia. Mjane akipata thumuni, yaani 1/8, marehemu aliacha watoto. Akipata 1/4, hakuacha. Wajane wawili wakigawana thumuni moja, umempata bibi ambaye hukuwahi kusimuliwa. Mama wa marehemu akiwa na fungu, basi alimzika mwanawe, na jina lake limo. Pale walipoachwa mabinti pekee, kilichobaki kwa kawaida huenda kwa jamaa wa kiume wa upande wa baba: kaka wa Kigoma ambaye Visiga haikumjua anaitwa kwa jina lake kamili.

6. Washukuru waliogombana

Ukoo uliogawana kwa amani chini ya mwembe haukuandika kitu. Ukoo uliowekeana pingamizi ulilazimika kueleza mbele ya hakimu nani alizaliwa na nani, lini babu alifika, nani alifyeka pori la shamba kwanza. Rufaa zikifika Mahakama Kuu, hukumu nyingi za miaka ya karibuni unaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya TanzLII. Na ombi la usimamizi wa mirathi lililopelekwa huko baada ya miaka mitatu tangu kifo lazima lieleze sababu ya kuchelewa. Maelezo hayo huwa habari za ukoo mzima.

7. Fungua mirathi ya aliyefariki juzi

Hatua hii ndiyo iliyobeba nyingine zote. Mtu wa kawaida hupata ukurasa wake mmoja serikalini pale anapokufa, na sisi huuacha mtupu mpaka mnunuzi wa kiwanja atokee. Chukueni cheti mapema. Kwenye muhtasari wa kikao andikeni majina yote ya marehemu, alikotoka, mwaka aliofika, wake zake wote na mabinti kwa majina yao, hata wale walioolewa mbali. Kila mhudhuriaji asomewe kabla ya kutia saini. Nakala moja iende mahakamani, moja kwa shangazi, moja kwa mjukuu anayependa kuuliza maswali.