Saa Moja na Dakika Ishirini, Kwa Maandishi

Kuna watu wanajua kudanganya bila kusema uongo, na bingwa wao ni yule anayeandika ratiba za ndege. London hadi Paris, anakuandikia, saa moja na dakika ishirini. Kweli tupu! Kati ya miji hiyo miwili hapafiki hata kilomita 350. Hewani kwenyewe unakaa chini ya saa moja. Dakika zilizobaki ni za ndege kujikokota chini, kungoja zamu ya kuruka, kisha kujikokota tena ng'ambo ya pili. Chai hujaimaliza, mhudumu ameshakuja kudai kikombe.

Dakika hizo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni zile ambazo hazikuandikwa.

Ndege ya saa nne asubuhi maana yake ni kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mimi sikai uwanja wa Heathrow, wala simjui anayekaa. Treni ya chini ya ardhi kutoka katikati ya jiji inakula karibu saa nzima, na huko katikati nafika kwa basi. Halafu wanakutaka uwepo uwanjani saa mbili kabla. Mkanda vua, koti vua. Mwaka juzi nilibeba chupa ya achari ya embe kutoka Tanga, mzigo wa dada yangu anayeishi Paris. Mkaguzi akaiinua, akaitikisa, akaniambia vimiminika mwisho mililita 100. Nikamweleza kuwa hicho si kimiminika, ni embe. Akaitikisa tena, polepole, tutazame wote. Ikaenda pipani.

Ukitua, usishangilie. Uwanja wa Charles de Gaulle uko kilomita 25 hivi nje ya Paris. Tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, pasipoti yake haina tena ujiko. Unapanga foleni na walimwengu wengine. Ukishapita hapo, unapanda treni ya RER B mpaka Gare du Nord, na hapo ndipo maini yanapokatika. Stesheni hiyo hiyo ndiyo inayopokea treni za London zinazopita chini ya bahari tangu 1994. Abiria wa treni hizo wametumia saa mbili na robo hivi, katikati ya jiji hadi katikati ya jiji. Wanashuka na nguo zilizonyooka. Mimi nabisha hodi kwa dada saa nane mchana.

"Sasa treni si ungepanda, shemeji?" mume wa dada huniuliza. Nauli ya treni hiyo ukiitafuta wiki ya safari utaota ndoto mbaya, lakini hilo simwambii. Mkwe hatangaziwi njaa.

Kurudi ndiko kichekesho. Saa za Paris ziko mbele kwa saa moja, kwa hiyo tiketi inasema unaondoka saa nne, unafika London saa nne na dakika ishirini. Shemeji aliiamini tiketi. Saa tano kasorobo za London akanipigia simu: "Umeshafika nyumbani?" Nilikuwa nimebanwa kwenye foleni, begi kichwani, mbele yangu familia nzima inatafuta pasipoti ya mtoto.

"Iliyofika ni ratiba, shemeji. Mimi nafika jioni."