Sifa za Chuma cha Mita Mbili

Washairi wetu wa pwani walishausifu mnazi wakaumaliza: makuti, kumbi, nazi, hata kifuu. Jahazi lina wa kulisifu, kahawa inao, na paka wanao kupita kiasi. Lakini kile chuma kinacholazwa juu ya nguzo mbili kwenye lango la maegesho ya ufukweni Hispania, kimeandikwa "2.00" kwenye paji la uso, hakijapata hata ubeti mmoja. Deni hilo nalilipa leo. Mimi na mke wangu tulishuka na gari-nyumba letu kutoka delta ya mto Ebro hadi Cabo de Gata, majira ya baridi, mbwa wetu Popi akiwa katikati ya viti, na kila tulipofika mikahawa ilikuwa imefungwa, viti vimerundikwa chini ya turubai, na watalii wamebaki kwenye picha za matangazo. Chuma peke yake kilikuwa kazini.

Tuanze na uadilifu wake, na huenda tusivuke hapo. Chuma hakili chai. Hakina mjomba serikalini wala shemeji bandarini. Hakikwambii mkubwa ametoka, njoo kesho, wala hakikutumi ukapige fotokopi. Pasipoti yangu ya Tanzania, ambayo maofisa wa mipakani huifungua hadi ukurasa wa mwisho kisha wakaianza upya, chuma hakijawahi kuiulizia. Kinachotaka kujua ni urefu, basi. Siku moja nyuma yetu alisimama mstaafu wa Kijerumani na gari la bei ya nyumba nzuri Mbezi, lina dishi la setilaiti linalojiinua lenyewe. Nikajisemea, huyu sasa atafunguliwa. Wapi! Alirudi kinyumenyume kama sisi, jasho likimtoka kama sisi. Ni wapi tena duniani Mjerumani na Mbongo hupewa jibu moja, kwa dakika ileile, bila fomu?

Na hakibembelezeki. Gari letu lina mita 2.60, na zile sentimita 60 hakuna wa kuziombea msamaha. Mke wangu alijaribu. Alishuka akasimama mbele kama utingo wa lori la Tunduma, "njoo, njoo, njoo, hapo hapo!", na kadiri gari lilivyosogea ndivyo alivyozidi kuinamisha kichwa chake mwenyewe, kana kwamba paa lingemwiga. Chuma kilimtazama tu. Hakimu wa namna hiyo tungempata kwetu, mahabusu zingebaki tupu.

Sifa nyingine nazipitia mbio. Kinafundisha kurudi nyuma bila kumwaga chai. Kinawapa shakwe mahali pa kukaa. Hakibweki. Na kinampenda Popi. Mbwa wetu hufika magotini tu, hivyo hupita chini yake mkia juu, bila hata kulaza sikio. Kiangazi fukwe nyingi za huko humkataza mbwa kukanyaga mchanga. Baridi ikiingia, halmashauri nyingi humruhusu. Kwa hiyo katika familia yetu chuma kilimwona mmoja tu anayestahili bahari, naye aliiendea bila kugeuka nyuma.

Maegesho yenyewe, lakini! Nafasi za magari mia kadhaa, na ndani kuna skuta moja yenye tairi bovu. Januari! Kilikuwa kinalinda nini pale, upepo?

Hapa mke wangu huniambia nishushe sauti, nami nashusha. Sheria ya nchi yenyewe haina ubaya. Tangu 2008 mamlaka ya usalama barabarani ya Hispania ilishaeleza kwamba gari-nyumba likigusa ardhi kwa magurudumu yake tu, lisitoe kitu nje ya mwili wake na lisimwage maji, basi limeegeshwa kama gari jingine lolote. Watu waliomo ndani wamelala, wanakula au wanagombana, hilo ni lao. Ukitoa kiti nje, ukikunjua turubai, au ukifungua dirisha lile la kusukumwa nje, hapo unahesabiwa umepiga kambi. Tulilala madirisha yamefungwa, tukivuta pumzi ya mbwa aliyelowa maji ya chumvi, kwa kuheshimu sheria.

Sasa halmashauri ikitaka kuwakataa watu ambao sheria haijawakataa, ifanyeje? Ikiandika kibao, inajitafutia kesi. Chuma hakiandiki kitu. Hakisemi "nyie hatuwataki". Kinasema mita mbili, nawe ukilalamika unaonekana unagombana na rula. Najua wapo waliomwaga vyoo vya magari yao kwenye matuta ya mchanga. Hao watozwe faini, na wakazoe wenyewe. Lakini chuma hakipimi uchafu. Gari dogo lenye mifuko minne ya taka hupita chini yake likipiga honi.

Nilikuwa tayari kuyasamehe yote hayo kwa ajili ya ule uadilifu, mpaka asubuhi moja lilipofika lori la kupeleka bia kwenye baa ya ufukweni. Dereva hakupunguza hata sauti ya redio. Alikuja mtu na ufunguo, akafungua kufuli ambayo sikuwa nimeiona, chuma kikazunguka kwenye bawaba yake taratibu, kwa adabu, kama mlinzi anayemjua bosi kwa mlio wa injini.

Baada ya hapo tulifika Carboneras, mkoa wa Almería, tukaitazama hoteli ya El Algarrobico. Ghorofa 21, vyumba 411, juu ya ufukwe ulio ndani ya hifadhi ya Cabo de Gata-Níjar, ambayo ni hifadhi tangu 1987, na ndani ya zile mita 100 kutoka ufukweni zinazolindwa na sheria ya pwani ya 1988. Kibali kilitolewa 2003. Mahakama ilisimamisha ujenzi 2006, Greenpeace wakaipaka maandishi makubwa 2014 kwamba ni haramu, Mahakama ya Juu ikasema tena 2016 kwamba ardhi ile si ya kujengwa. Sisi tuliikuta imesimama, nyeupe, madirisha matupu. Nilipiga hesabu: ghorofa moja ikiwa mita tatu, hiyo ni zaidi ya mita 60, yaani vyuma vyangu thelathini kimoja juu ya kingine. Nikauliza kwa sauti ilipitaje.

"Baba Popi," mke wangu akasema, "labda iliingia imelala."