Waraka kutoka Minnesota: Wachongaji wa Njia za Theluji

Jamaa waliobaki Tanga, Mombasa na Bujumbura, ambao kila Januari huuliza kwenye simu watu wa Minnesota wanatoka nje kufanya nini katika baridi inayogandisha hata mabomba, wanastahili kujulishwa kwamba baadhi ya watu hao hutoka usiku wa manane, kwa hiari yao, kwenda kusawazisha theluji porini, na kwamba wengi wao hawalipwi hata senti moja.

Chombo kinachosababisha yote haya ni pikipiki ya theluji, ambayo haina gurudumu hata moja: mbele ina skii mbili zinazogeuzwa kwa usukani, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini kwa mtindo wa katapila. Asili ya vyombo vya namna hii ina huzuni ndani yake, kwani Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alifiwa na mwanawe mdogo mwaka 1934 wakati theluji ilipofunga njia ya kwenda hospitali, akaendelea kuunda magari ya kupita juu ya theluji, hata kampuni yake ikatoa Ski-Doo mwaka 1959. Siku hizi, hata hivyo, mwenye pikipiki huondoka asubuhi, huenda kilomita mia na ushei, hula hambaga, kisha hurudi alikotoka, pasipo kuwapo msiba wala harusi huko alikokwenda.

Safari hizo zinahitaji njia, na Minnesota ina zaidi ya kilomita 32,000 za njia hizo, ambazo sehemu kubwa hutunzwa na klabu za wanavijiji. Serikali ya jimbo huchangia gharama kutoka kwenye ada za usajili na sehemu ya kodi ya petroli, lakini jasho ni la fundi bomba, mwalimu mstaafu na mkulima wa mahindi, ambao hukutana jioni kupanga zamu, na ambao katika ajenda zao neno posho halijapata kutajwa. Msomaji aliyezoea semina za kwetu asome sentensi hiyo mara mbili.

Kazi yenyewe ni vita dhidi ya matuta. Kwetu matuta hujengwa na serikali ili madereva wapunguze mwendo; kule hujitokeza yenyewe, kwa sababu kila pikipiki inapoongeza kasi au kufunga breki huchimba theluji kidogo na kuirundika nyuma, na inayofuata huongeza pale pale, hata kufikia Jumapili jioni njia inamtikisa mpandaji mpaka uti wa mgongo. Basi hupelekwa trekta la minyororo linaloburuta fremu ndefu ya chuma yenye visu vilivyopangwa kwa mshazari: visu vya mbele hukata vichwa vya matuta, vya kati huivuruga theluji na kuitoa hewa, na bamba pana la nyuma huishindilia. Mwendo haufiki kilomita ishirini kwa saa, na dereva, mwenye chupa ya kahawa na redio, anaweza kukaa humo mpaka alfajiri. Usiku huchaguliwa kwa sababu wapitaji ni wachache na baridi ni kali zaidi, maana chembe za theluji iliyovurugwa huhitaji saa kadhaa za utulivu ili zishikane na kuwa ngumu. Kijana mmoja anayepita nyuma ya trekta kabla ya saa hizo kutimia huharibu kazi ya usiku mzima, naye huwa na furaha tele.

Lililo gumu kuaminika ni kwamba theluji yenyewe huzuia ardhi isigande, kwani huifunika na kuihifadhia joto. Kwa hiyo mwanzoni mwa msimu wanaklabu hupita kwenye vinamasi kwa pikipiki nyepesi, wakiikandamiza theluji ili baridi ipenye na matope yawe magumu, ndipo trekta zito lifuate bila kuzama.

Zaidi ya hayo, mashamba mengi yanayopitiwa ni mali ya watu, na mkulima mmoja akikataa, njia nzima hukatika. Kila vuli, kwa hiyo, wajumbe wa klabu humwendea kwa adabu ambayo washenga wa pwani wangeitambua mara moja, wakiulizia kwanza mavuno na afya ya mama mkwe, kabla ya kutaja njia. Kisha hukata matawi, hutengeneza madaraja ya mbao na kusimika vigingi, ambavyo lazima ving'olewe kabla ya mashine za kupandia kuingia shambani.

Malalamiko hayakosekani, nayo hutoka kwa wale wasioonekana mkutanini, wanaotaka kujua kwa nini trekta halikupita Ijumaa. Jibu lililozoeleka ni kumpendekeza mlalamikaji awe mweka hazina, nafasi ambayo kwa kawaida huwa wazi.